Lhasa nako irabu hupatana

Kidato cha pili wakifika kwenye kauli ya kutendea, swali ni lile lile: kwa nini pika inazaa pikia, halafu soma inazaa somea? Jibu la "ndivyo ilivyo" silipendi. Naandika ubaoni pik-, fung-, pand-, chek-, som-, nanyamaza. Wanaona wenyewe: mzizi wenye i, u au a unachukua -i-, wenye e au o unachukua -e-. Kiambishi kinashuka kuufuata mzizi: ulimi unashuka kutoka i hadi e. Mtoto wa Isevya, hapa Tabora, anafanya upatanifu huo wa irabu kabla hajajua kushika kalamu.

Safari hii nimewafikisha Lhasa, mji mkuu wa Tibeti. Kule nako irabu za silabi jirani hupatana, ila kwa kupanda. Silabi moja ikiwa na i au u, e ya jirani inasogelea i, o inasogelea u, na a inapoteza ule upana wake. Na jirani anaweza kuwa wa mbele au wa nyuma! Kwetu mzizi ndio wenye amri; hujasikia kiambishi kikigeuka nyuma kuilazimisha som- iwe sum-. Lhasa silabi ya kwanza inaweza kuinamia ya pili ambayo bado haijatamkwa. Hapo ndipo niliponogewa, kengele ikagongwa nikiwa bado naongea.

Tahajia yao haisemi lolote kuhusu hayo. Ni ya kale mno, mapokeo yao yanaipeleka hadi karne ya 7, kwa hiyo jicho linaona o huku mdomo ukikaribia u. Mwanaisimu R. K. Sprigg aliuchambua upatanifu huo katika makala ya mwaka 1961. Sisi tumebahatika, somea tunaiandika kama tunavyoitamka.

"Mwalimu, Tibeti haimo kwenye muhtasari," akanitania mwenzangu wa jiografia pale ofisini. Kweli haimo. Hata Kinyamwezi hakimo, na kina irabu saba: i za aina mbili, u za aina mbili, herufi zetu tano haziwatoshi bibi zetu. Wanaokiongea nyumbani ndio waliolidaka somo la Lhasa upesi, masikio yao yamezoea tofauti ambayo daftari halina. Binti mmoja wa dawati la nyuma ameomba amsikilize bibi yake wikiendi hii aniletee maneno. Nimemwambia ile i ya pili aipigie mstari chini, tutaitafutia herufi baadaye.