Juzi Uliisema Vizuri Zaidi

Kuna maneno manne ambayo tangu Jumanne usiku yamekataa kunitoka kichwani: juzi uliisema vizuri zaidi.

Ninyi mnaonisoma tangu mwanzo mnaujua mpangilio wa nyumba yetu hapa Kiamunyi. Mnajua kwamba Baba Neema hupiga magoti mbele yangu na kunitii, kwa hiari yake na kwa ombi lake mwenyewe, lile la mwaka 2022, alipokuja na karatasi mkononi kama wakili na kunisomea kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari mwaka huo, halihesabu tena kuwa maradhi mambo ya aina hii yanayofanywa na watu wazima waliokubaliana. Alihofia nitamwona mgonjwa, kumbe mimi niliwaza zulia litakavyolowa. Mnajua pia kwamba neno bibi, ambalo kwa majirani ni mke tu, kwetu huwa cheo mara mlango unapofungwa.

Jumanne ilikuwa siku ya beseni, yaani siku ya kunitawadha miguu. Maji yalikuwa ya vuguvugu, chumvi imeyeyuka, taulo limekunjwa pembe nne kama anavyopenda yeye, nami nilikuwa nimetoka kusahihisha karatasi 92 za Kemia za kidato cha nne. Zamu yangu ilipofika nikaitamka ile sentensi ya kumruhusu aanze. Akainua uso, mikono ikiwa bado majini, akasema kwa upole kabisa:

"Bibi, juzi uliisema vizuri zaidi."

"Vizuri vipi?"

"Kwa ukali kidogo. Halafu ulinyamaza kabla ya kutaja jina langu."

Nikairudia kwa ukali kidogo, nikanyamaza kabla ya jina lake. Akatabasamu, shughuli ikaendelea, na nikalala miguu ikiwa safi na moyo umechafuka.

Juma hili tumemzika mjomba huko Nyamira, mvua imeng'oa mabati mawili ya jikoni, na mwalimu mkuu amenikabidhi uongozi wa idara niliousubiri tangu 2019. Lakini kaburini, juu ya ngazi na ofisini kwa mkuu nilikuwa nikiitamka sentensi ile kimoyomoyo, mara kwa ukali, mara kwa upole, nikinyamaza hapa na pale, kama mtahiniwa anayengoja kuitwa ndani. Mimi hutoa alama kwa riziki yangu. Nazijua alama hata zinapokuja zimevikwa heshima, na zile zilikuwa kama sita kwa kumi.

Kinachoniuma si kukosolewa, kwa maana mavyaa amenikosoa tangu siku ya mahari na bado ninakula nikashiba. Alipomwona mwanawe akiniletea ndara Krismasi iliyopita, aliniuliza mbele ya mashemeji nimemlisha nini, na najua nyuma ya ua wetu wanasema mwanamume huyu amekaliwa. Ningecheka kama nisingekuwa na uchungu, kwa sababu huyo anayedhaniwa amekaliwa ndiye aliyetunga maneno yangu, akachagua taulo, akapanga siku, akaniketisha juu na kunitazama kama niko sawasawa. Sanamu nayo huogeshwa, huvishwa na kusujudiwa, lakini haichagui wimbo.

Kanisani kwetu, kila robo mwaka kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu kama ilivyoandikwa katika Yohana 13, wanawake upande wao na wanaume wao. Sifananishi huduma ile takatifu na mambo ya chumbani kwangu, na ningekasirika kama mtu mwingine angefananisha. Lakini nakumbuka mikono mikavu ya yule mama mzee aliyeinamia mguu wangu mara ya mwisho, ambaye hakuniambia kwamba robo iliyopita niliunyoosha vizuri zaidi.

Jumapili alasiri nikaenda kwenye meza yetu ya watu sita wenye mambo kama yetu, upande wa Milimani. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini umbea wake haujahama kijijini, ndiyo maana tunajiita chama na kila mmoja hutoa shilingi 500 za kweli, ili tukiulizwa tusilazimike kudanganya. Desturi ya kukutana hivi, kwa mavazi ya kawaida, mahali pa wazi, pasipo kufanywa lolote ila kula na kuzungumza, ilienea kutoka Palo Alto, California, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wenzetu walianza kwa baga, sisi tuna chai na mandazi. Simu hukaa mikobani, na hakuna anayeuliza mwenzake anafanya kazi wapi.

Nilipomaliza kulalamika, dada mkubwa wa meza akaniuliza nani aliyeitunga sentensi yenyewe. Nikamjibu ni mume wangu. Akauliza kama nimewahi kusema njano. Kwetu, kama kwa wengi wenye mambo haya, nyekundu husimamisha kila kitu na njano hupunguza mwendo, na nikamweleza kwamba maneno hayo ni ya Baba Neema, kwa kuwa ndiye anayepiga magoti.

Akaweka kikombe chini. "Nani alikwambia ni yake peke yake?"

Usiku huo beseni lilipoletwa, nikasema njano. Aliitoa mikono majini kana kwamba yamemchoma.

"Nimekuumiza?"

"Nimechoka kusahihishwa."

Alikaa kimya kitambo. Akasema alidhani ananisaidia, nikamwambia najua. Kisha akauliza, bila kuniita kwa cheo, "Wewe unataka nini?" nami, mwanamke wa kuamuru, nikakosa jibu, kwa sababu kwa muda wote huu hakuna aliyeniuliza, hata mimi mwenyewe.

Hatimaye nikataka hindi la kuchoma, saa tatu usiku, na nikataka aketi kwenye kigoda barazani asiseme neno. Alilitafuta hadi kituoni akalipata. Nikaweka miguu yangu mapajani mwake ikiwa na vumbi lake lote, nikala, nikamsimulia mazishi ya mjomba tangu wimbo wa kwanza hadi ugomvi wa sufuria, huku mlima Menengai ukiwa giza tupu mbele yetu. Hakunikatiza hata mara moja. Sikusema sentensi yoyote ya kupangwa, na sijawahi kujisikia mwenye nyumba kiasi kile. Bila shaka niliona jinsi alivyofurahi, nikashuku kidogo kwamba keshokutwa ataniomba nichoke tena vilevile, kwa hindi lilelile. Akithubutu, nitataka muhogo.

Tulipokuwa tukifunga mlango ndipo nilipogundua kwamba mbwa wa jirani wa ukuta wa pili, yule anayebwekea hata upepo, hajasikika tangu Alhamisi. Geti lao lina kufuli kwa nje. Baba Neema anasema huenda wamesafiri naye, lakini ni nani husafiri na mbwa wa ukubwa ule?