Timu Yetu ya Utengamao Ilianzia Chooni

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa hospitali ya mkoa hapa Mtwara na kurudi Newala au Tandahimba, mara nyingi mazoezi huishia hapo. Nauli ya watu wawili kila wiki, yeye na wa kumshika, nani anayo? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nikataka huduma ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, imfuate nyumbani kwa simu.

Watu walipatikana upesi. Mwenzangu wa tiba kwa vitendo, anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, tulisoma naye hospitali ya KCMC, Moshi. Muuguzi wa kliniki ya presha tuko naye jengo moja. Mtaalamu wa usemi na umezaji alipatikana Dar es Salaam, akatupa jioni ya Alhamisi. Kazi ikawa kuwafanya wawe timu, maana kila mmoja alituma maagizo yake: mazoezi ya mguu, ya mkono, ya ulimi, orodha ya chumvi na mafuta. Yote yakamwangukia mke wa mgonjwa wetu mmoja, tunayemwita Babu. Akanipigia: "Mwanangu, nina mikono miwili tu, na korosho zinaanguka huko shambani."

Tangu hapo tunaanza kwa kuuliza: mnataka aweze nini? Babu alijibu mwenyewe, kwa maneno ya kukatikakatika: kwenda chooni bila kushikwa na mkwe wake. Basi kila fani ikaleta mchango wake humo. Mimi nikashughulika na kuinuka kitandani na hatua za kufika uani. Mwenzangu akamwelekeza seremala wa kijijini atoboe kiti cha kuweka juu ya choo cha shimo, na asimike nguzo upande wa mkono mzima. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupima presha kwanza; ikifika 180 kwa 110, hakuna zoezi, ni zahanati. Wa usemi alisubiri zamu yake, ila la kupaliwa na maji halikusubiri: akae wima, anywe funda dogo dogo.

Video za moja kwa moja tuliziacha mapema, mtandao unakatika na bando linakwisha. Mjukuu hurekodi dakika moja akiwa ubavuni, miguu ionekane, akatuma mtandao ukirudi. (Wajukuu wote hupenda kurekodi uso.) Ridhaa tunaiomba kabla, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha ya mgonjwa si ya kusambaza ovyo.

Anayezungumza na familia ni mmoja tu. Kwa Babu alikuwa mwenzangu wa tiba kwa vitendo, ingawa kundi nililianzisha mimi, na wivu kidogo ulikuwepo.

Bando bado tunachangishana wenyewe, na sijui tutafika nalo wapi.

Babu sasa anakwenda chooni kwa fimbo. Mkewe ameleta lengo jipya: msimu ujao afike mwenyewe AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, korosho zake zinapopimwa. Msemaji wa timu kwa familia sasa ni mtaalamu wa usemi, kwa sababu kwenye mizani lazima mzee abishane.