Dirisha la kusogea au la kukua? Inategemea unaiamini vipi data ya zamani

Watu wakianza utabiri wa data za mfuatano wa muda (namba zinazopimwa mara kwa mara, kama kila mwezi) wanahangaika na modeli tu, ARIMA (modeli inayotabiri kwa kufuata thamani zilizopita) sijui rigresheni gani, alafu swali la dirisha, yaani kipande cha data unachokadiria nacho kianzie lini, linapita hivihivi, wakati mara nyingi hilo ndo linaamua utabiri utakaaje.

Chukulia una data ya kila mwezi, unakadiria kwa mwezi wa 1 mpaka wa 120, unatabiri wa 121. Huo mwezi ukishapita, dirisha la kukua (wengine wanaliita rikasivu) linachukua 1 mpaka 121, la kusogea linachukua 2 mpaka 121, yaani wa zamani anatoka mpya anaingia, urefu uleule.

Sasa tuseme modeli yako ni wastani tu. Miezi 100 data inacheza kwenye 10, alafu kuna kitu kinabadilika inahamia 20 na inakaa hukohuko. Miezi 20 baadaye dirisha la kukua linakwambia 11.67! La kusogea la miezi 40 linasema 15, la miezi 20 linasema 20. Hapo kila mtu anashangilia dirisha fupi, ila subiri kwanza. Kama hakuna kilichobadilika, na kila mwezi unayumba kivyake kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha data inavyotawanyika kuzunguka wastani) wa 6, wastani wa miezi 9 unayumba kwa 2, wa miezi 36 kwa 1, wa miezi 144 kwa 0.5. Kupunguza kuyumba kwa nusu unatakiwa uwe na data mara nne, si mchezo. Ndo maana hata ukijua kabisa badiliko lilitokea lini si lazima utupe yote ya nyuma, wachumi Pesaran na Timmermann walionyesha 2007 kwamba kubakiza kidogo ya kabla ya badiliko kunaweza kushusha kosa la utabiri, unakubali kupotoka kidogo ili upate utulivu.

Kinachonikera mimi kwenye la kusogea ni pale mwezi wa ajabu unapotoka. Dirisha la miezi 60 lenye Aprili 2020 linaibeba mpaka Machi 2025, mwezi unaofuata inadondoka na makadirio yanaruka, we unaanza kutafuta nini kimetokea kwenye uchumi kumbe hakuna kitu, ni Korona imetoka dirishani.

Alafu kuna hii tabia ya kujaribu madirisha ya miezi 24, 36, 60, 72 na kuripoti lililoshinda. Hapo hujapima modeli, umeokota bahati. Bora uendeshe madirisha kadhaa ya urefu tofauti uchukue wastani wa tabiri zake, sio kwamba itashinda kila siku ila inakuepusha na kubahatisha urefu mmoja.

Mi kabla ya yote hayo nachora kigezo (namba inayokadiriwa na modeli, kama ule wastani) kinavyotembea kwa madirisha yote mawili kwenye grafu moja. Mistari ikienda pamoja nabaki na la kukua, sina sababu ya kutupa data. Ikiachana na kurudiana sibadilishi kitu, huo ni mtikisiko tu wa dirisha fupi. Ikiachana na isirudiane miezi mingi, hapo ndo nahamia la kusogea, na urefu naandika chini kabla sijaangalia makosa ya utabiri.