Siku yangu na treni ya kokoto, Moshi kwenda Kahe

Saa 12 asubuhi. Stesheni ya Moshi. Kibo leo kiko wazi chote, lakini sisi tumeelekea kwa mama ntilie: mtori wa moto na chapati, maana tukishaondoka hakuna mlo wa maana mpaka jioni.

Saa 1. Tunakagua mabehewa. Zamani genge lilipanda juu na mabeleshi, likashinda linasukuma mzigo chini. Haya yana tumbo linalobana kuelekea chini, na milango: mingine humwaga katikati ya reli, mingine pembeni. Nagonga kila komeo kwa nyundo.

Saa 3. Tumefika kipande chetu cha reli. Mvua imesomba kokoto zilizoshikilia reli, mataruma kadhaa (yale magogo yanayobeba reli) yananing'inia. Tulizobeba ni za kusagwa, zenye kona, takriban milimita 30 hadi 60. Za mtoni ni duara. Treni ikipita zinateleza na taruma linacheza.

Saa 3 na nusu. Hapa ndipo penye kazi. Treni itembee kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Ukifungua imesimama, kokoto zinarundikana mpaka kwenye magurudumu. Dereva akivuta, behewa linapanda rundo na kuacha reli. Kwa hiyo anakwenda mwendo wa mtu wa miguu, nami niko kwenye jukwaa la behewa, mikono kwenye usukani wa mlango, barakoa usoni.

"Binti, punguza kulia!" mnyapara anapaza sauti.

"Nimepunguza, baba."

Upande mmoja ukitangulia kuisha, behewa linaegemea. Kufungua hata mtoto ataweza. Kufunga wakati kokoto bado zinashuka, na jiwe limebana mlango, hapo ndipo unajua umeajiriwa.

Saa 5. Mzigo umegoma; kokoto zimelowa, zimeshikana na vumbi. Kijana mgeni anataka kupanda azikanyage. Mnyapara anamdaka mkono. Mlango ukiwa wazi, kokoto zinameza miguu kama tope la mbugani. Tunagonga ubavu wa behewa mpaka zinaachia.

Saa 7. Ndizi mbivu, maji, jua la Kahe. Basi.

Saa 8. Mafagio na mabeleshi. Jiwe lililolala juu ya reli linatosha kuangusha kiberenge, kile kigari kidogo cha reli. Pabaya zaidi ni pale barabara inapokatiza: kokoto zikijaa kwenye mfereji wa gurudumu, ule upenyo kando ya reli ambamo ukingo wa gurudumu hupita, kuzitoa ni kwa vidole.

Saa 10. Mabehewa matupu yanarudi Moshi. Wenzetu wa kushindilia kokoto chini ya mataruma wanakuja kesho. Mpaka wamalize, treni zitapita hapa polepole. Mimi nimepangwa kwenye kupakia, na nimeshaomba barakoa mpya.