Miguu mitupu Via Appia

Maneno ya yule bibi wa Roma bado yananikereketa, na safari yenyewe imeshakwisha. Mkataba wangu kazini umeongezwa, mdogo wangu ameposwa, nyumba imejaa vigelegele, nami nikiosha vyombo najikuta namjibu bibi yule kwa sauti.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwa nini nilitaka kufika kule. Marehemu baba hakuchoka kusimulia habari za Abebe Bikila, askari wa kikosi cha kumlinda mfalme wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma tarehe 10 Septemba 1960 akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna aliyekuwa amewahi kuikimbia marathoni kwa muda mfupi hivyo. Giza limeshaingia, wanajeshi wameshika mienge kando ya Via Appia, barabara ya kale ya Warumi, na mtu anatokea gizani anaelekea Tao la Konstantino, mwisho wa mbio. Baba akifika hapo alikuwa akinyanyua mguu na kuupiga unyayo wake kofi. Basi nilimwambia Baba Nasra kwamba Via Appia nitaitembea miguu mitupu. Aliniuliza tu kama nimebeba plasta.

Barabara ile ilianza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo, na vipande vyake vya zamani vingali vimetandazwa mawe makubwa meusi ya volkano. Mgongo wa kila jiwe umelainika kwa kukanyagwa, lakini baina ya jiwe na jiwe pana mwanya unaoweza kumeza kidole gumba. Penye jua mawe yanachoma, ukiingia kwenye kivuli cha misonobari baridi inakupanda hadi gotini. Nilikuwa naenda polepole, macho chini nikichungulia vipande vya chupa, ndiyo maana sikumwona bibi mpaka aliponisemesha. Alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi na fimbo yake, mtu wa kukaribia miaka tisini.

“Binti, viatu vyako vimekatika?”

“Hapana, bibi, vimo mkobani.”

“Kama unavyo, mbona unawacheza shere wasio navyo?”

Nikatabasamu kwa kukosa la kusema. Akaongeza, “Mimi vya kwanza nilivipata nina miaka tisa,” kisha akageuza uso, na mazungumzo yakaishia hapo. Alisema Kifaransa, na Kifaransa ndicho kinachonipa mshahara, kwa hiyo siwezi hata kujifariji kwamba hatukuelewana.

Baba Nasra anasema sauti ya bibi ilikuwa ya huruma. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Haikuwa na huruma. Au labda ilikuwa nayo mwanzoni, pale aliposema “binti”, ikaisha nilipotaja mkoba. Nimelirudia lile “vimo mkobani” mpaka limekosa ladha. Ningesema “nimevivua kwa heshima ya mtu”, angeuliza mtu gani, na mambo yangekuwa mengine kabisa.

Maana Abebe naye viatu alikuwa navyo! Hili ndilo ninalotaka watu walijue. Vile vipya vilimtoa malengelenge, akaamua kukimbia na nyayo zilezile alizokuwa akifanyia mazoezi. Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu na soksi, akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Inaniuma kusikia ushindi wa Roma ukisimuliwa kana kwamba ni habari ya maskini aliyebahatika, wakati yule alikuwa bingwa aliyeujua mguu wake.

Tena njia yao siku ile ilipita karibu na uwanja wa Porta Capena mjini Roma, ilipokuwa imesimama nguzo ya Aksum, jiwe la mita 24 ambalo majeshi ya Mussolini, dikteta wa Italia, yalilichukua Ethiopia na kulileta Roma mwaka 1937. Abebe aliipita nguzo ya kwao mara mbili, ikiwa bado mateka. Ilirudishwa mwaka 2005. Tulipofika pale sikuiona nguzo, na nilifurahi mno kutoiona hata nikamshika mkono Baba Nasra mbele za watu.

Jana usiku ndipo nilipopiga hesabu ya umri wa bibi. Kama kweli anakaribia tisini, basi utoto wake umeangukia kwenye vita vya Mussolini huyohuyo. Utawala ulioona fahari kusafirisha jiwe la watu kuvuka bahari ndio uliomwacha mtoto wake mwenyewe peku hadi miaka tisa. Tangu nilipolifikiria hilo sitamani tena kumshinda kwa maneno. Ningekaa naye ule ukuta, nimuulize viatu hivyo vya kwanza vilikuwa vya rangi gani, na nani alimpa.

Nasra ameanza kukunja macho akisoma. Mwalimu wake anasema amemhamishia dawati la mbele na bado ubaoni haoni vizuri. Miadi ya daktari wa macho tumepata Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ya ukaguzi kazini kwetu, Baba Nasra atakuwa safarini, bibi yake goti limevimba. Sijui atapelekwa na nani.