Wiki Tatu Juu ya Kiti cha Mtoto

Tulifika Hamburg mwishoni mwa Oktoba, mimi na mwanangu aliyekuwa na miaka mitatu kasoro mwezi mmoja, tukimfuata baba yake ambaye alikuwa ametangulia kikazi miezi minane kabla yetu. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu mwaka 2010, jambo nililolifurahia sana tulipokuwa tukijiandaa kwa safari, na ambalo halikunisaidia kwa lolote nilipoanza kupanga foleni katika ofisi zao.

Habari za ofisi nitazipitia haraka. Anayehamia katika nyumba nchini Ujerumani hutakiwa kuandikisha makazi yake ndani ya wiki mbili, akiwa na barua iliyotiwa saini na mwenye nyumba, na bila karatasi hiyo karibu kila shughuli nyingine husimama. Nilikuwa nimebeba vyeti vyote ambavyo watu waliniambia nibebe, lakini kilichotufaa kuliko vyote ni kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo nusura niiache kwenye kabati la mama yangu. Tangu Machi 2020 sheria ya huko hairuhusu mtoto kupokelewa katika Kita, yaani shule ya malezi ya watoto wadogo, bila uthibitisho wa chanjo ya surua, na aliyetimiza miaka miwili lazima aonyeshe dozi mbili. Daktari hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini tarehe zilizoandikwa na muuguzi wa Dar kwa kalamu ya bluu, mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na nane, alizisoma bila taabu.

Kwa sheria, mtoto yeyote Ujerumani ana haki ya kupata nafasi ya malezi tangu anapotimiza mwaka mmoja, ingawa haki na nafasi ni vitu viwili. Sisi tulisubiri hadi Februari. Miezi hiyo ya kusubiri ilikuwa mizito kuliko nilivyotarajia, kwa sababu Desemba jua la Hamburg huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi alasiri. Nyumbani nilikuwa nimemfundisha mtoto kwamba giza likiingia michezo imekwisha na watu hurudi ndani. Sasa akawa ananivuta mkono kutoka kwenye bembea saa kumi, akinikumbusha sheria yangu mwenyewe, kisha saa kumi na mbili asubuhi ananiuliza mbona hakuchi.

Nafasi ilipopatikana nilifurahi, nikapanga siku ya kwanza nimwache mlangoni nikatafute kozi ya lugha. Mlezi aliyepangiwa kumpokea alitabasamu, akanionyesha kiti cha mtoto kilichokuwa kona ya chumba, akaniambia kwamba hapo ndipo nitakapokaa. Wenyewe huita utaratibu huo Eingewöhnung, yaani kumzoesha mtoto. Siku tatu za mwanzo mzazi hukaa ndani ya chumba kwa muda wa saa moja hivi, haondoki wala hamsukumi mtoto aende kucheza, kisha huondoka naye. Siku ya nne ndipo hutoka kwa mara ya kwanza, kwa dakika chache tu, na kama siku hiyo imeangukia Jumatatu jaribio huahirishwa, kwa kuwa mtoto ametoka kukaa na wazazi wake siku mbili nzima. Baada ya hapo muda huongezwa kidogo kidogo. Kwetu ilichukua wiki tatu.

Nakiri kwamba nilikasirika. Mimi nimekulia kwenye ua ambako mama akitaka kwenda sokoni humkabidhi mtoto kwa jirani, mtoto akilia atabembelezwa, na mama akirudi atamkuta amelala. Ilinichukua siku kadhaa juu ya kile kiti, magoti yakiwa karibu na kidevu, kuona tofauti: yule jirani mtoto anamjua tangu kuzaliwa, anajua sauti yake na harufu ya jiko lake. Hapa hakuna aliyemjua mwanangu, na hakuna ambaye angeelewa akisema tumbo linauma. Mlezi alilijua hilo kabla yangu. Siku ya pili aliniomba nimwandikie maneno ambayo mtoto hutumia anapohitaji kitu, nikamwandikia maji, njaa, kojo, usingizi, inauma. Aliibandika karatasi ile juu ya sinki, akawa anayasoma kwa sauti huku akiosha vikombe.

Jambo moja lilinisumbua zaidi, nalo ni kwamba watoto wote waliwaita walezi kwa majina yao, kama wanavyoitana wao kwa wao. Mwanangu hakuweza. Kila asubuhi aliingia na kusema shikamoo kwa kila mtu mzima, akiwamo baba wa mtoto mwingine aliyekuwa akihangaika na zipu ya koti, akasimama kusubiri jibu. Kwa siku nne hakuna aliyemjibu. Siku ya tano mlezi alisema marahaba, kwa lafudhi ya ajabu, na nadhani ni siku hiyo, wala si siku ya kwanza niliyotoka chumbani, ambapo mtoto alihesabu kwamba amefika.

Alipoanza kubaki hadi baada ya chakula cha mchana, nilijiandikisha katika kozi ya serikali ya wahamiaji, ambayo ni saa 600 za lugha na 100 za historia na maisha ya nchi. Jioni ya siku yangu ya kwanza, tukila ugali wa unga wa mahindi tulionunua katika mtaa wa Steindamm, mwanangu aliniuliza ni nani aliyekaa na mimi darasani. Nikamwambia hakuna, watu wazima huachwa siku hiyo hiyo. Alitafuna kwanza, akafikiri, kisha akasema kesho atakuja kunikalia, lakini si Jumatatu.