Bikoni Chini ya Kayaba

Masika ya 2013 yalinikuta Kangemi, Nairobi, kidato cha nne nimekimaliza mwaka uliotangulia na kazi sina. Baba mdogo alinichukua nimsaidie. Alikuwa akitunza bustani tatu Lavington, na iliyokuwa kubwa zaidi ni ya mwalimu mmoja mstaafu, nusu ekari nzima ya nyasi za Kikuyu. Wanaozijua nyasi hizo wanaelewa: mvua ikizikolea wiki moja, huoni tena viatu vyako.

Wiki hiyo kazi ilikuwa na haraka. Jumamosi wageni wa posa wangekuja kumposa binti wa Mwalimu, na hema lingewekwa hapo hapo kwenye nyasi. Jumatano asubuhi Baba mdogo akaniachia mashine ya kukata nyasi, yeye akaenda bustani ya pili. Neno aliloniachia lilikuwa lile lile la kila siku: "Ile pembe ya ua wa kayaba ni ya slasha. Usipeleke mashine."

Niliipeleka. Nilikuwa nimebakiza pembe hiyo tu, na slasha ilikuwa mbali, stoo. Kisu kiligonga kitu kwa kishindo nilichokisikia mpaka kwenye meno, na injini ikazima papo hapo. Nilipofunua nyasi nikaiona bikoni ya mpaka, chuma kimesimama katikati ya saruji, na juu yake mkwaruzo mpya unaong'aa. Nikazirudisha nyasi juu yake kwa mguu.

Baba mdogo aliporudi nikamwambia, "Imezima yenyewe."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotugharimu siku mbili.

Aliniamini, kwa hiyo akaanza pale ambapo mtu yeyote mwenye akili angeanza: petroli. Ilikuwa imekaa kwenye tangi tangu kiangazi, na petroli iliyokaa miezi huganda kama utomvu ndani ya kabureta. Akaimwaga yote, akanituma kituoni na mtungi. Akafungua bakuli la kabureta, akaisafisha jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, kwa unywele wa brashi. Hakutumia waya. Alisema tundu la jeti likipanuka kidogo tu, injini itakunywa petroli kama mlevi. Akachomoa chujio la hewa, likatoka jeusi kwa vumbi. Akaliosha kwa sabuni, akalikausha kwa kulikamua ndani ya kitambaa.

Tukavuta kamba ya kuwashia. Hakuna.

Akatoa plagi. Ilikuwa imelowa, inanuka petroli, maana yake mafuta yanafika. Akaikausha, akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha na chuma cha injini kwenye kivuli, akaniambia nivute. Cheche ya buluu ikaruka, safi kabisa. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba nikavuta tena. Kidole kikasukumwa na upepo. Petroli ipo, moto upo, mgandamizo upo. Nakumbuka uso wake alipoinuka. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba vitu hivyo vitatu vikiwapo, injini haina budi kuwaka, na sasa injini ilikuwa inamkanusha.

Alhamisi nzima tulivuta. Mara nyingine ilipiga mlio mmoja na kutema moshi kwa nyuma, kupitia kabureta. Mara nyingine kamba ilijirudi ghafla kwa nguvu na kunipokonya mpini. Mchana, mmojawapo wa mivuto hiyo ukamtegua Baba mdogo kidole cha kati. Alikifunga kwa kitambaa bila kusema kitu, akaendelea kuvuta kwa mkono wa kushoto. Nami nilisimama pale nimeshika mtungi wa petroli, nikijua.

Ijumaa alfajiri tuliipakia kwenye mkokoteni, tukaisukuma kwa Gitanga Road hadi Kawangware, kwa fundi mmoja mzee aliyefanya kazi chini ya bati tatu kando ya barabara. Baba mdogo akamweleza yote aliyoyafanya. Mzee akasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Inarusha kamba?"

"Inarusha."

Akailaza mashine upande, chujio la hewa likiangalia juu ili oili isiingie ndani. Akapitisha kidole kwenye makali ya kisu, akasimama mahali fulani.

"Mmegonga nini?"

"Hatukugonga kitu," Baba mdogo akasema. "Alikuwa nayo kijana wangu. Angeniambia."

Koo lilinikauka. Nikasema, "Niligonga bikoni, Baba. Jumatano. Ile ya kwenye kayaba."

Hakunitazama. Alikitazama kidole chake kilichofungwa, kisha akamwambia fundi, "Endelea, mzee."

Fundi akafungua kifuniko cha juu, akalegeza nati, akaing'oa flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini. Akanivuta karibu nione, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Mashine ile haina betri, akasema. Flaiwili ina sumaku ubavuni, na kila sumaku ikipita mbele ya koili, plagi inatoa cheche. Cheche yatakiwa ije kidogo tu kabla pistoni haijafika juu. Kinachoishikilia flaiwili mahali pake juu ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni kipande kidogo kama punje ya mchele, mafundi wanakiita kii. Kisu kilipogonga, krenki ilisimama lakini flaiwili ikaendelea, ikakikata kipande hicho. Tangu hapo cheche ilikuwa inakuja mapema mno na kuisukuma pistoni irudi ilikotoka. Ndiyo maana kamba ilikuwa inatupokonya.

Nikamwomba akate msumari auweke pale, tuwahi. Akakataa. "Hiki ni laini makusudi. Kimevunjika ili krenki isipinde. Ukiweka msumari, siku ukigonga tena utaizika mashine."

Baba mdogo akanipa noti ya 500. Nikapanda matatu ya 46 hadi mjini, nikatembea mpaka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Duka la nne ndilo lililokuwa na kii, kwa shilingi 150. Nilikishika ndani ya ngumi njia nzima ya kurudi, sikuthubutu kukitia mfukoni.

Saa tisa alasiri mashine iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

Tulirudi Lavington bila kuongea. Pale kwa Mwalimu, Baba mdogo alichukua slasha kwa mkono wake mzima, akaenda kwenye pembe ya kayaba, akafyeka kuizunguka bikoni mpaka ikasimama wazi, saruji yote ikionekana. Kisha akarudi, akaushika mpini wa kamba, akanipa mimi.

"Vuta," akasema. "Kiza kinakuja."